Mbingu ni Ubao wa Mwalimu: Kiingereza kwa Majina ya Sayari



Katika ukurasa huu wa lugha tumezoea kuwapeleka sokoni, jikoni na shambani, ili mjifunze maneno ya Kiingereza ya vitu mnavyovishika kila siku kwa mikono yenu. Juma hili twawaomba mwinue macho. Tutazungumza habari ya vitu ambavyo mkono wa mtu hauvifikii, lakini kila mtu, tajiri kwa maskini, aweza kuvitazama bila kulipa hata faranga moja: jua, mwezi, nyota na sayari.

Hatukuchagua somo hili kwa kupenda mambo ya ajabu tu. Twaijua hali ya shule zetu. Mahali pengi watoto huinamia wengi pamoja kitabu kimoja, na jioni nyumbani hakuna taa ya kusomea. Lakini giza lile lile linalomzuia mtoto asisome kitabu cha karatasi ndilo linalomfunulia kitabu kingine, kilicho wazi juu ya paa la nyumba yake. Baba asiyejua hata neno moja la Kiingereza aweza kuketi uani pamoja na wanawe, akawaonyesha nyota ing'aayo kuliko zote, nao wakamwambia jina lake. Hapo mzazi na mtoto wote wawili huwa wanafunzi, na wote wawili huwa walimu.

NDUGU WANANE WA JUA

Sayari zinazolizunguka jua letu ni nane. Tukianzia ile iliyo karibu na jua kuliko zote, majina yao ya Kiingereza ni haya: Mercury, Venus, Earth, Mars, Jupiter, Saturn, Uranus, Neptune. Wazazi waliosoma zamani walihesabu tisa, kwa maana waliiweka pia Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930. Lakini mwaka 2006 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walikata shauri kuiondoa Pluto katika hesabu ya sayari kubwa. Kwa hiyo mtoto akisema nane na baba akisema tisa, wasigombane: kila mmoja anasema alivyofundishwa, lakini siku hizi jibu la shuleni ni nane.

Vijana waliosoma Kifaransa wataona mara moja kwamba majina haya si wageni kwao. Mercure na Mercury, Vénus na Venus, Saturne na Saturn, hao ni watoto wa mama mmoja, yaani Kilatini, lugha ya Kanisa letu. Jina moja tu limetoka katika ukoo mwingine kabisa, nalo ni Earth, jina la dunia yetu. Hilo ni neno la kale la Waingereza wenyewe, nalo lina maana pia ya udongo, ule tunaoulima na ambao tutaurudia, kama padri anavyotukumbusha Jumatano ya Majivu.

Wala msifikiri kwamba Kiswahili ni maskini katika mambo haya. Watu wa pwani, waliosafiri baharini usiku kwa kufuata nyota, wana majina yao yaliyotoka kwa Waarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hesabuni: ni majina matano tu. Kwa nini matano? Kwa sababu wazee wa zamani, wawe Warumi, Waarabu au watu wa pwani, waliona kwa macho yao sayari tano tu pamoja na dunia waliyoikanyaga. Uranus na Neptune ziligunduliwa baadaye kwa darubini, na ndiyo maana lugha nyingi huziita kwa majina yale yale.

JINSI YA KUTAMKA

Hapa Mswahili ajihadhari. Sisi tunaposema neno, sauti yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: sa-YA-ri, du-NI-a. Mfaransa hukaza silabi ya mwisho. Mwingereza, katika majina ya sayari, hukaza silabi ya kwanza: MER-cury, VE-nus, JU-piter, SA-turn, U-ranus, NEP-tune. Mwanafunzi akisema ju-PI-ter, Mwingereza atatega sikio asielewe, ingawa herufi zote zimetamkwa sawasawa. Basi semeni majina hayo kwa sauti kubwa, mkipiga kofi kwenye silabi ya kwanza. Watoto hupenda mchezo huo, na sikio halitasahau.

Jina Earth lina ugumu wake. Herufi mbili za mwisho hutamkwa kwa kuweka ncha ya ulimi katikati ya meno na kupuliza pumzi kidogo, kama wafanyavyo watu wa pwani katika neno thamani. Wengi wetu huku Kongo husema samani, na kwa Kiswahili twaelewana. Lakini kwa Kiingereza kosa hilo hubadilisha maana, kwa sababu maneno mengi hutofautiana kwa sauti hiyo moja tu. "Mouth" ni kinywa, lakini "mouse" ni panya. Asiyetaka kusema kwamba ana panya chini ya pua ajifunze kuweka ulimi mahali pake.

Tena kuna Saturn. Mwanafunzi mwenye haraka huitamka kama Satan, na hapo bibi yake anayesikiliza hufanya ishara ya Msalaba! Satan, yaani Shetani, kwa Kiingereza huanza kama "sei". Saturn huanza kwa "sa" fupi, na mwishoni sauti huvutwa kidogo. Zohali ni sayari nzuri yenye pete, haina ushirika wowote na yule mwovu.

JE, NI DHAMBI KUTAJA MAJINA HAYO?

Tumegusa jambo linalowasumbua Wakristo wengine. Wakisikia kwamba Mars alikuwa mungu wa vita wa Warumi, na Venus mungu wao wa kike, wanaona shaka kuyaweka majina hayo kinywani mwa watoto. Wasihofu. Mtakatifu Paulo, katika barua yake kwa Wafilipi, anamsifu sana msaidizi wake Epafrodito. Jina hilo latokana na Afrodite, yule yule ambaye Warumi walimwita Venus. Hatusomi popote kwamba Mtume alimlazimisha kulibadilisha. Jina lililofungwa zamani kwa sanamu, leo laitumikia elimu. Sanamu zimeanguka, na sayari ingali inamzunguka jua kwa sheria aliyoiweka Muumba.

Jambo hilo laonekana pia katika siku za juma. Warumi waliziita siku saba kwa majina ya jua, mwezi na sayari tano. Kifaransa kimehifadhi sehemu ya majina hayo: lundi ni siku ya mwezi, mardi ya Mars, mercredi ya Mercure, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Vénus. Waingereza waliziita Tuesday, Wednesday, Thursday na Friday kwa majina ya miungu ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya. Lakini wameshika majina matatu ya mbinguni: Sunday, siku ya jua, Monday, siku ya mwezi, na Saturday, siku ya Saturn. Basi ukiweka Kifaransa na Kiingereza pamoja, wote saba wamepatikana. Mwenye lugha mbili huona kitu kizima pale ambapo mwenye lugha moja huona kipande.

Na Dominika? Mfaransa husema dimanche, neno litokalo katika Kilatini lenye maana ya siku ya Bwana, kama Dominika yetu. Mwingereza amebaki na jua. Lakini hata hilo si geni kwa Wakristo. Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya 2, alipowaeleza wapagani desturi zetu, aliandika kwamba Wakristo hukusanyika siku iitwayo ya jua, kwa kuwa ndiyo siku ya Ufufuko wa Kristo.

SHERIA NNE ZA KUSHIKA

Sasa tuchukue chaki. Majina peke yake hayafanyi lugha, kama vile matofali yaliyorundikwa hayafanyi nyumba.

Sheria ya kwanza ni ya wingi. Sisi husema nyota moja, nyota mia, na neno halibadiliki. Mwingereza huongeza herufi s: "one star", "many stars". Na herufi hiyo husikika anapoitamka, tofauti na Kifaransa, ambamo huandikwa lakini husikii kitu. Kwa hiyo aliyezoea Kiswahili huisahau mkononi, na aliyezoea Kifaransa huisahau kinywani.

Sheria ya pili ni ya sifa. Sisi husema sayari nyekundu: kwanza kitu, kisha sifa yake. Mwingereza hugeuza: "red planet". Sifa hutangulia kama mjumbe anayetangulia mbele ya mfalme. Tena sifa hiyo haibadiliki kamwe: "red planet", "red planets". Hapo Kiingereza ni rahisi kuliko Kiswahili na Kifaransa. Mshukuruni Mungu kwa wepesi huo, maana haupatikani kila mahali.

Sheria ya tatu ni ya kitendo. Mwingereza husema "stars shine", nyota zang'aa, bila s katika kitendo. Lakini ikiwa ni kimoja tu: "the sun shines", jua lang'aa, na hapo kitendo chapata s. Wanafunzi hushangaa: kitu kikiwa kimoja, s iko kwenye kitendo, vikiwa vingi, s iko kwenye vitu. Kumbukeni hivi: herufi hiyo ni kama mgeni mwenye mkeka mmoja, akilala huku halali kule.

Sheria ya nne ni ya kulinganisha. Kwa Kiswahili twasema kubwa kuliko. Mwingereza huongeza mkia kwenye sifa fupi: "big", "bigger than", "the biggest". Basi: "Jupiter is bigger than Saturn. Jupiter is the biggest planet." Na ni kweli: upana wa Jupiter ni kama dunia 11 zikipangwa mstari mmoja.

MANENO YA KUJIHADHARI

Kiswahili kina neno moja, mwezi, kwa taa ya usiku na kwa hesabu ya siku 30. Kiingereza hutofautisha: "moon" ni ile ya mbinguni, "month" ni ile ya kalenda. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja, kwa sababu Waingereza nao, kama babu zetu, walihesabu siku kwa kuutazama mwezi ukiandama na kufa.

"Sun" ni jua, na "son" ni mwana wa kiume. Masikioni yanasikika sawasawa. Msikilizaji hufahamu kwa sentensi nzima, wala si kwa neno moja.

Neno "mercury" lina maana mbili. Likiandikwa kwa herufi kubwa ni sayari. Likiandikwa kwa herufi ndogo ni zebaki, ile madini inayotiririka kama maji. Wasomaji wetu wa upande wa machimbo ya dhahabu waisikilize habari hii, kwa sababu wachimbaji wengine huitumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma motoni. Mvuke wake ni sumu. Hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, nao huwadhuru zaidi watoto wadogo na mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ukiona chombo kimeandikwa "mercury", usikiweke jikoni, wala usiwaruhusu watoto wakichezee. Hapo neno moja la Kiingereza laweza kuokoa nyumba nzima.

Na Uranus inatuhusu sisi wa Kongo kuliko tunavyodhani. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 1781. Miaka 8 baadaye, mwaka 1789, mtaalamu wa Ujerumani jina lake Klaproth alipata madini mapya, akayaita uranium kwa ukumbusho wa sayari ile. Madini hayo yalichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, na sehemu kubwa ya uranium ambayo Marekani ilitumia kutengeneza mabomu ya atomu ilitoka huko. Bomu la uranium liliangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Bomu la Nagasaki, tarehe 9 Agosti, lilikuwa la plutonium, ambalo jina lake latokana na Pluto. Majina mazuri ya mbinguni yametiwa juu ya kifo cha maelfu ya watu. Elimu ni kisu: chamenya muhogo, na chaweza kuua. Mwenye kushika mpini ndiye atakayeulizwa.

KAKA ALIYEMFUNDISHA DADA

Tuwaambie sasa habari ya yule aliyeigundua Uranus, kwa sababu katika maisha yake mna fundisho la Kiingereza na fundisho la jamaa.

William Herschel hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1738 katika mji wa Hannover, Ujerumani, mwana wa mpiga muziki wa jeshi. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, akajitafutia riziki kwa muziki, mwishowe akawa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath. Kiingereza kilikuwa kwake lugha ya ugenini, kama kilivyo kwetu. Usiku alitazama nyota kwa darubini alizozitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Kule Hannover alikuwa amemwacha dada yake mdogo, Caroline. Alipokuwa mtoto, Caroline aliugua vibaya, na kimo chake hakikuendelea. Baba alipenda asome. Mama hakutaka: alimtaka abaki nyumbani kufanya kazi za mikono na kuwahudumia wengine. Mwaka 1772 kaka yake alikuja kumchukua, na ili mama akubali, ilimpasa William atoe fedha za kumlipa mtumishi atakayeshika mahali pa Caroline. Ndugu wasomaji, fikirini jambo hilo. Binti yule alipaswa kukombolewa kutoka jikoni ndipo apate kusoma.

Huko Bath kaka alimfundisha Kiingereza, hesabu na kuimba. Caroline akawa msaidizi wake katika kazi ya nyota, akiandika hesabu usiku kucha. Kisha akaanza kutazama mwenyewe. Tarehe 1 Agosti 1786 aligundua nyota yenye mkia, na kabla ya mwaka 1798 alikuwa amegundua 8. Mwaka 1787 mfalme wa Uingereza alimwekea mshahara wa paundi 50 kwa mwaka, na mwaka 1828 chama cha wataalamu wa nyota cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Alifariki mwaka 1848, akiwa na miaka 97.

Katika nyumba zetu wako wasichana wangapi ambao daftari lao limewekwa juu ya kabati siku ile mama alipojifungua, au siku ile karo ilipotosha kwa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akawa mvulana? Hatusemi kazi za nyumbani ni aibu. Bikira Maria alizifanya Nazareti. Twasema kwamba kazi hizo zagawanyika, bali miaka ya shule ikipita hairudi. Na ninyi wavulana mnaosoma sekondari, ambao dada yenu anawachotea maji: mlichojifunza leo, mfundisheni jioni. William alifanya hivyo, na dunia ilipata wataalamu wawili badala ya mmoja.

PADRI ALIYEANDIKA KWA KIFARANSA

Wazazi wengine huuliza: Kiingereza cha nini? Serikali yetu husema Kifaransa, sokoni twasema Kiswahili, nyumbani tuna lugha ya mababu. Je, mzigo huu wa nne ni wa nini? Swali ni la haki, nasi twajibu kwa habari ya kweli.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipata upadri mwaka 1923, kisha akaenda kusoma Cambridge, Uingereza, na baadaye Marekani. Aliporudi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 aliandika kwa Kifaransa, katika jarida la elimu la Brussels, kwamba ulimwengu wote unatanuka, na kwamba makundi makubwa ya nyota yaitwayo galaksi yanazidi kutuacha, nayo yaliyo mbali zaidi ndiyo yanayokwenda kasi zaidi. Lilikuwa jambo kubwa mno. Lakini wataalamu wengi hawakulisoma jarida lile. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alichapisha kwa Kiingereza vipimo vyake vilivyoonyesha kwamba galaksi za mbali hutuacha kwa kasi zaidi, na sheria hiyo ikaitwa kwa jina lake. Maandiko ya padri yalitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931, na hapo ndipo wengi walipotambua aliyoyaona mapema. Mwaka 1931 huo huo alieleza pia wazo lake kwamba ulimwengu ulianza katika kitu kimoja kidogo chenye nguvu zote ndani yake. Hatimaye mwaka 2018 chama cha wataalamu wa nyota cha dunia nzima kilipendekeza kwamba sheria ile iitwe ya Hubble na Lemaître. Padri alikuwa amefariki tangu mwaka 1966.

Tujifunze nini? Aliyoyaandika kwa Kifaransa yalikuwa kweli tangu siku ya kwanza. Tafsiri haikuyaongezea ukweli, iliyaongezea wasikilizaji. Lugha si akili, wala si heshima ya mtu. Lugha ni njia, na ukweli wenyewe wahitaji njia ili ufike. Kijana anayejua jambo jema lakini hana njia ya kulifikisha ni kama mkulima mwenye mavuno mengi na daraja lililovunjika.

Tena njia hiyo iko mlangoni petu. Ukivuka mpaka Kasindi wafika Uganda, ukivuka Kasumbalesa wafika Zambia, na nchi zote mbili hutumia Kiingereza katika mambo ya serikali. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara asiyeweza kusoma karatasi ya forodha humlipa mwingine amsomee, na hana njia ya kujua kama amesomewa kweli.

Lakini sikieni na upande wa pili, ili msiwadharau wasiojua Kiingereza. Mtu wa kwanza kufika katika anga za juu, tarehe 12 Aprili 1961, alikuwa Yuri Gagarin, naye alikuwa Mrusi. Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Tangu Novemba 2000 watu wa mataifa mbalimbali hukaa kwa zamu katika nyumba kubwa ya angani inayoizunguka dunia. Humo hutumia Kiingereza, lakini Wamarekani nao hujifunza Kirusi kabla ya kwenda. Hata huko juu, basi, hakuna mkubwa wa lugha asiyeketi kwenye benchi la mwanafunzi. Jifunzeni Kiingereza, shikeni Kifaransa, wala msiitupe lugha ya mama yenu. Mti haukati mizizi yake kwa sababu umeota tawi jipya.

KAZI YA JUMA HILI

Andikeni sentensi hizi tano katika daftari, mzisome kwa sauti, kisha mzifundishe kwa mtu mmoja wa nyumba yenu.

"The sun rises in the east." Jua huchomoza mashariki.

"The moon is smaller than Earth." Mwezi ni mdogo kuliko dunia.

"Venus is the brightest planet." Zuhura ndiyo sayari ing'aayo kuliko zote.

"Stars twinkle, but planets shine steadily." Nyota humetameta, lakini sayari hung'aa kwa utulivu.

"Jupiter has many moons." Mshtarii ina miezi mingi.

Sentensi ya nne mwaweza kuihakiki ninyi wenyewe usiku usio na mawingu. Nyota huonekana kama taa inayotikiswa na upepo, bali sayari hutulia. Sababu yake ni kwamba nyota ziko mbali mno, hata kila moja yaonekana kama nukta tu, na hewa huutikisa mwanga wake. Sayari ziko karibu zaidi, na mwanga wao si wao: ni wa jua unaowapiga na kurudi kwetu. Tena neno lenyewe "planet" latokana na Kiyunani, nalo maana yake ni mwenye kutangatanga, kwa sababu wazee waliona kwamba nyota hizo hazikai mahali pamoja kati ya wenzao.

Na ile nyota ya asubuhi ambayo watu wa shamba huamka nayo, kwa Kiingereza yaitwa "morning star". Si nyota hata kidogo, ni Venus. Bikira Maria apewa jina hilo katika Litania, na sasa mwaelewa vema zaidi kwa nini jina lamfaa: yeye naye hakung'aa kwa mwanga wake mwenyewe, bali kwa mwanga wa yule Jua wa haki, Mwanawe, naye hutangulia kutuambia kwamba mchana u karibu.

Juma lijalo tutashuka tena duniani, tujifunze maneno ya mvua, mto na daraja. Mwalimu atakayetumia somo hili darasani aongeze sentensi zake mwenyewe. Na yule dada aliye jikoni, mwiteni aje uani dakika kumi kabla ya sala ya jioni. Vyombo vyaweza kungoja kidogo.